Joto Lililoonekana Uingereza

Mwezi wa saba kule Muthangari si mwezi, ni adhabu. Mwaka mmoja nilimimina chai kutoka kwenye birika ikaganda kabla haijafika kikombeni, ikabidi niivunje kwa mchi na kumpelekea mlinzi wa geti kipande alambe. Mama Chetan akinisikia nikisimulia hivyo alikuwa anatikisa kichwa na kusema, "Mama Shiru, wewe iko muongo kubwa." Halafu anauliza kama mlinzi alipewa kipande chenye sukari.

Huyo Mama Chetan ndiye habari yangu. Nitaongeza chumvi hapa na pale, siwezi kujizuia, lakini ile sehemu ya kidude cha joto nitaiacha vile ilivyokuwa.

Jina lake ni Bhanu, ila aliyekuwa akilitumia ni mume wake, na mume amekufa. Wahindi wenzake walio wadogo kwake humwita Ba, ndio kusema mama. Mimi nilimwita Mama Chetan naye akaniita Mama Shiru, kwa sababu tulibeba mimba msimu mmoja, jikoni mwake, tumbo lake upande huu wa meza na langu upande ule. Niliingia kwake nikiwa msichana wa kukata vitunguu, nikazeekea humo humo. Siku za mwisho sikuwa tena mfanyakazi wa mtu. Nilikuwa natoka Mutuini asubuhi na chupa ya maziwa ya ng'ombe wangu, tunaketi, tunachambua njegere na kusengenya mtaa mzima.

Alizaliwa Limuru, kule juu kwenye baridi na majani chai, nyuma ya duka la baba yake, kati ya gunia la chumvi na pipa la mafuta taa. Baba yake alikuwa mwembamba hivi kwamba akipanda kwenye mizani ya duka, mizani inaendelea kumsubiri apande. Bhanu alijua Kikuyu kabla hajajua Kigujarati, na hata uzeeni akijigonga kidole alilia kwa Kikuyu. Akaolewa na Navnit, muuza vitambaa wa Biashara Street. Huyo naye alikuwa na ulimi. Alimuuzia mzee mmoja wa Dagoretti suti ya kuzikiwa, mzee akaipenda sana, akaahirisha kufa mpaka ikachakaa.

Navnit ndiye aliyejenga ile nyumba ya Muthangari. Alisimama hapo akitazama kila jiwe likiwekwa, na jiwe lisilomfurahisha liliteremshwa. Ilikuwa nyumba ya dari ya juu, vyumba vikubwa, na baraza inayotazama jua linapotoka. Wakati huo jua lilikuwa lao. Baadaye majirani wakauza, mmoja mmoja, na ghorofa zikapanda. Ile ya upande wa mashariki ikala jua letu lote la asubuhi. Baraza ikawa na ukungu wa kijani, na mawe ya Navnit yakaanza kutoa jasho baridi kama mtu mwenye malaria.

Navnit alipokufa, Mama Chetan aliwasha taa ya samli mahali pao pa kuombea. Palikuwa pembeni mwa sebule, kabati dogo la mbao lenye milango miwili, ndani sanamu za miungu yao na picha ya mzee. Akaapa taa ile haitazimika akiwa anaishi humo. Kila akipita aliitazama, kila ikipungua aliongeza samli. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nami nilijikuta nikiongeza samli, kama vile mtu humlisha paka wa jirani.

Chetan, mtoto wake wa pekee, ni mhasibu huko Leicester, Uingereza. Kila Jumapili alipiga simu ya kuonana uso kwa uso. Mwaka wa nyuma baridi ilikuwa imemwingia mama yake kifuani, akalazwa, Chetan akaja mbio na kurudi mbio. Tangu siku hiyo maneno yake yakawa yale yale, mama ahamie kwake. Na watu wa ghorofa, wale wanaonunua viwanja wajenge, nao walikuwa wamempata. Hati ya nyumba ilikuwa na majina mawili, la mama na la mwana, na walijua ni yupi wa kumpigia.

Jumapili moja ya mwezi wa tano simu ilikuwa imeegemezwa kwenye mkebe wa sukari, sisi tuko na njegere zetu.

"Ba, daktari alisema nini mwaka jana? Hiyo nyumba ni friji."

"Friji haina baraza."

"Sifanyi mzaha, Ba."

"Mimi pia hapana. Huko Leicester mimi nakuja fanya nini? Nakaa dirishani naangalia gari ya watu?"

Chetan akasema kwa ile sauti ya kazini kwake. "Sawa. Tutaweka hita kila chumba, na thamostati ya waifai ya kuziongoza. Nitakuwa naona joto la nyumba kwenye simu yangu nikiwa hapa. Likikaa ishirini na zaidi mpaka baridi iishe, nawaambia watu wa ghorofa waende zao, na sitakuuliza tena. Likishindwa, unakuja kwangu na nyumba inauzwa. Tumeelewana?"

"Ishirini ya nini?"

"Digrii."

Mama Chetan akanitazama. Mimi digrii ninayoijua ni ile watoto wa watu hupigwa picha nayo wakiwa wamevaa joho, kwa hivyo nikaendelea na njegere. Akakubali. Alikubali haraka, kama mtu anayeogopa muuzaji asije akabadilisha nia.

Tukapelekwa mjini kuchagua. Yash, mtoto wa ndugu yake Navnit, ana duka katika ile mitaa ya vitu vya stima, duka ambalo ukiingia balbu zote hukutazama. Alitupa viti, akatuletea chai, akampigia Chetan ili naye awepo, simu ikasimama kwenye kaunta kama mteja wa tatu. Akapanga vidude vitatu mbele yetu.

"Ba, sikiza. Hita ni mikono tu. Hii thamostati ndiyo kichwa," Yash akasema. "Inasikia baridi, inaambia hita fanyeni kazi. Joto likitosha, inaziambia pumzikeni. Na kwa waifai inampelekea Chetan habari."

"Kwa hivyo ni mbea," nikasema.

"Mbea, lakini wa kisasa, Shosho," akanijibu, akiniita nyanya kwa Kikuyu.

Cha kwanza kilikuwa cha kufungwa ukutani, na ilibidi ukuta utobolewe nyaya zipite ndani. Mama Chetan hakukigusa. "Ukuta ya Navnit hapana toboa," akasema, na hiyo ikaisha.

Cha pili kilikuwa na uso wa kioo cheusi. Kinaongea, kinasikia ukikiita, na kina jicho la kujua kama chumbani kuna mtu.

"Hiyo, hiyo," Chetan akasema kutoka kwenye simu. "Itaniambia kama Ba ametembea leo ama amelala tu."

"Nikienda choo pia itasema?"

"Ba, tafadhali."

"Mimi nauliza. Yash, itasema?"

Yash akakohoa, akakirudisha kwenye boksi.

Cha tatu kilikuwa cheupe, cha mviringo, ukubwa wa kitumbua. Hakina waya hata mmoja. Kinakula betri, kinawekwa popote, na kinaongea na kisanduku kinachofungwa karibu na mita ya stima. Yash akatueleza kwamba hicho kinaendana na umeme wetu, na hata waifai ikipotea kitaendelea kuongoza hita kama kilivyoagizwa. Chetan akauliza hili na lile kwa Kiingereza, Yash akajibu hivi na vile. Mama Chetan alikuwa amekishika kiganjani, anakipima uzito kama anayenunua tunda.

"Na mimi nikisikia baridi sana, nabonyeza wapi?"

Yash akatazama simu kwanza. "Hubonyezi, Ba. Chetan ameomba ifungwe. Yeye ndiye ataweka joto kutoka huko. Wazee wengi hubonyeza vibaya."

"Nyumba yangu, kidole yake."

"Ni kwa usalama wako, Ba," Chetan akasema.

"Leta hii," akamwambia Yash. "Hii angalau naweza beba."

Fundi aliyekuja kufunga anaitwa Odhiambo, mtu mpole mwenye mabega ya kubeba nyumba. Alifunga hita kwenye vyumba, sahani nyeupe bapa zisizo na moto wa kuonekana, akaweka kidude kwenye meza ya sebule. "Kikae hapa, mama," akasema. "Kisikae dirishani, kisikae karibu na jiko." Chetan akakiwekea ishirini na mbili akiwa kwao. Hita zikatoa mlio kidogo, tik, tik, zikaanza kupata moto, na Mama Chetan akacheka kwa mshangao kama msichana. Yash, aliyekuja na fundi, akaondoka na hita ya zamani ya waya mwekundu, akabeba na jiko letu la makaa, akisema vitu hivyo huua watu wakiwa usingizini. Hapo hakudanganya.

Ingekuwa nyumba ya watu wengine, habari ingeishia hapo.

Lakini joto la hita lilipanda moja kwa moja hadi darini, likakaa huko juu na buibui. Siku moja niliona buibui wa Muthangari amejinyoosha kwenye utando wake, miguu minne chini ya kichwa, anaota jua. Sisi huku chini tulikuwa tunasugua mikono. Halafu kuna mlango. Mama Chetan tangu aolewe alifungua mlango wa mbele alfajiri, akafagia kizingiti, akauacha wazi mpaka amalize kuomba. Nyumba iliyofungwa asubuhi, kwake, ilikuwa nyumba ya msiba. Akiufungua tu, joto linatoka kama wanafunzi wakigongewa kengele, na simu inalia.

"Ba, kumi na saba."

"Nimefungua mlango. Watu nafungua mlango asubuhi."

"Funga, Ba."

Akafunga. Siku iliyofuata akafungua upana wa kiganja, aliomba akiwa amesimama hapo hapo ili aufunge upesi. Simu ikalia tena. Kisha ikaja ile siku stima ilipotea tangu asubuhi hadi jioni, mtaa mzima, na iliporudi, waifai nayo ikarudi, na kile kitumbua kikatoa habari zake zote. Chetan hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige.

"Kumi na nne, Ba. Mimi sitasema kitu. Umeona mwenyewe."

"Stima ilipotea. Hiyo mimi nafanya nini?"

"Ndiyo maana nasema nyumba hiyo haiwezekani. Ikishuka hivi tena, Ba, naongea na wale watu."

Mama Chetan alikata simu akabaki amekishika kidude mapajani. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakikuwa kimepokelewa. Kwao kitu kipya cha maana hakianzi kazi hivi hivi. Gari jipya, friji mpya, hata mashine ya cherehani, hupakwa alama nyekundu, hurushiwa punje za mchele, huombewa. Alikuwa akingoja siku njema kwenye kalenda yao, Odhiambo akamtangulia. "Ndio sababu," akaniambia. "Tumekipa kazi bila kukisalimu."

Akakifanyia yote. Akakipaka unga mwekundu kwa kidole cha pete, akakifunga uzi, akakiweka ndani ya lile kabati la maombi, kando ya taa, akafunga milango miwili na kuacha nafasi ya hewa. "Kikae hapo," akasema. "Kikae na Navnit."

Jumapili Chetan alipiga akitabasamu. Nilikuwa sijaona meno ya mtoto huyo tangu alipong'oa yale ya utotoni.

"Ba, ishirini na nne. Usiku na mchana. Haijashuka hata kidogo. Umefanya nini?"

"Nimeomba."

"Basi endelea kuomba."

Sisi hapo jikoni tulikuwa tumevaa makoti, ila simu ilituona nyuso tu. Simu ilipokatwa nikaenda kugusa hita ya sebuleni. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikagusa ya chumbani, vile vile. "Hita zimekufa," nikasema. "Aitwe Odhiambo."

Mama Chetan alikwenda kwenye kabati, akafungua milango, akaingiza mkono, akautoa polepole, akauweka shavuni. Ndani ya lile kabati mlikuwa na joto zuri, joto la mfukoni. Taa ilikuwa ikipasha kile kidude tumbo, nacho kikiamini nyumba nzima iko hivyo, kikaziambia hita zilale, na kikamwambia mtoto Uingereza kwamba mama yake yuko sawa.

"Kitoe," nikamwambia. "Kirudi mezani, hita zitaamka."

"Na nambari?"

Mezani hita zingewaka na nambari ingeyumba, leo ishirini na moja, kesho kumi na sita, na kila ikiyumba nyumba inamsogelea mnunuzi. Kabatini nambari ilikuwa imesimama imara, na nyumba ilikuwa yake.

"Baridi naisha mwezi ya nane," akasema, akafunga milango. "Mimi ni mtoto ya Limuru."

Ndivyo tulivyoishi mwezi wa saba wote. Alivaa koti la Navnit juu ya sweta langu la Mutuini, soksi za sufu mbili mbili, na kofia ya kusuka iliyomshuka hadi machoni. Mchana tulikaa jikoni tukiwa tumewasha gesi, sufuria ya maji ikichemka bila kazi. Usiku nilikuwa nimeondoka, naye alilala na chupa za maji moto ambazo kufikia saa za mapambazuko zilikuwa zikimnyonya yeye joto. Ukungu wa baraza uliingia ndani ukapanda ukutani. Nilimwambia kwamba mjusi wa chumba cha kulia amehamia ghorofa ya jirani na familia yake yote, wamebeba magodoro, na kwamba mke wa mjusi hakugeuka nyuma. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kugeuka tena kicheko.

Kitu kilichokuwa kikiniumiza zaidi ni Jumapili. Kabla ya simu alivua kofia, akavua koti, sweta na soksi, akabaki na sari nyepesi ya rangi ya maembe, ile ya siku za jua. Akachana nywele, akaketi wima kabisa. Chetan akimwona hivyo anafurahi.

"Ba, naona umependeza. Ni joto?"

"Sana. Mpaka natoka jasho."

"Nilishushe kidogo?"

"Wacha hivyo hivyo."

Akikata tu nilimvisha kama mtoto mchanga, mkono huu, mkono ule, meno yake yakigongana hata hawezi kunisaidia.

Kikohozi kilipoanza kutoka na kitu cha rangi ya kutu, nilijua. Nilimwambia tukiseme. Akakataa. Nikamwambia nitahamia hapo, nilale naye kitanda kimoja tupashane joto, akasema ng'ombe wangu atakamuliwa na nani. Basi nilipofika kwangu Mutuini nikampigia Chetan mwenyewe, kwa ile namba niliyowekewa kwenye simu na binti yangu, maana mimi namba sizijui ila kwa picha.

"Chetan, mama yako anakufa kwa baridi."

"Mama Shiru, habari ya jioni."

"Nasema nyumba ni baridi. Hita haziwaki. Kile kidude kiko kabatini kinaota taa."

Nikamsikia akicheka, si kwa ubaya. Ni kicheko cha mtu aliyekulia mgongoni mwangu. "Mama Shiru, wewe ndiye uliniambia kuna simba alisimama barabara ya Lang'ata akaomba kubebwa hadi Karen kwa sababu ana miadi. Nilikuwa naangalia dirisha la gari mpaka nikafika darasa la saba."

"Hii si ya simba."

"Ninaiona hapa, mbele yangu. Ishirini na nne. Na Jumapili Ba alikuwa amevaa sari tu, nimemwona kwa macho yangu. Hutaki aondoke, najua. Lakini huna haja ya kunitisha. Joto likikaa hivi, haendi popote. Usijali."

Nikabaki na simu mkononi. Maisha yangu yote nimewaambia watu mambo yasiyowezekana wakaniomba niendelee.

Nilimkuta asubuhi ya mwisho wa mwezi ameketi sakafuni karibu na mlango wa mbele, ufagio mkononi, mlango haujafunguka. Midomo ilikuwa ya bluu. Alikuwa akinena Kikuyu, akiniita mama yake, akiniomba nifunge dirisha la duka. Nikampigia Yash, akaja upesi, akambeba hadi kwenye gari. Nikaingia nyuma nikamshika kichwa. Yash akafunga nyumba, funguo zikaingia mfukoni mwake.

Ilikuwa nimonia ya mapafu yote mawili. Niliketi kwenye benchi la korido ya hospitali, na kila aliyepita nilimwambia mimi ni dada yake, na hakuna aliyethubutu kuuliza imekuwaje. Nadhani ni siku ya tatu nilipokumbuka.

"Yash, taa."

"Taa gani, Shosho? Nilizima zote nikitoka."

"Ile ya samli."

Akasema atapita jioni. Jioni kulikuwa na dawa za kutafutwa, na msongamano, na duka. Hakupita. Taa ikala samli yake yote, ikala utambi, ikaishia hapo, peke yake, milango imefungwa.

Na sasa sikilizeni uovu wa kile kidude. Taa ilipozimika kikasikia baridi, kwa mara ya kwanza tangu kiombewe. Kikaziamsha hita. Zikawaka zote, kila chumba, na kwa kuwa hakuna aliyefungua mlango wala dirisha, na stima kwa bahati haikupotea, joto likajaa kutoka darini likashuka mpaka chini. Likakausha ukungu. Likalainisha blanketi kwenye kitanda kisicho na mtu.

Chetan alipotua alikwenda hospitali kwanza, akaketi na mama yake ambaye alikuwa na mpira wa hewa puani. Kisha tukaenda naye nyumbani atafute nguo. Alifungua mlango wa mbele na nyumba ikatupumulia usoni kama tanuri la mikate. Akasimama hapo hapo kizingitini, begi begani.

"Mama Shiru."

"Naam."

"Ulisema ni baridi."

Nikampeleka kwenye kabati. Nikamwonyesha taa iliyokufa, masizi, kidude chenye uzi na alama nyekundu. Nikamweleza yote, koti, chupa, sari ya maembe, sikuongeza hata punje ya chumvi. Alinisikiliza kwa upole, kichwa ameinamisha, vile alivyokuwa akinisikiliza akiwa mdogo ninapomwosha miguu. Akakichukua kidude, akakisoma. "Ishirini na mbili," akasema. "Ndiyo niliyoweka."

"Sasa ni kweli. Wakati ule haikuwa."

Akaketi kwenye kiti cha baba yake. "Sawa, tuseme ni kweli," akasema. "Tuseme mama yangu alikaa kwenye baridi mwezi mzima, anavua nguo mbele ya simu, ili mimi nione nambari. Mtu wa namna hiyo nimwache peke yake tena, Mama Shiru? Na tuseme si kweli. Basi ameugua hivi ndani ya nyumba yenye joto. Niambie wewe, nimwache?"

Kila upande aliougeukia, mlango ulikuwa umefungwa. Nikasema nitahamia hapo. Akanishika mkono, akanishukuru, akanikumbusha umri wangu.

Mama Chetan alipopata sauti alinifanyia ishara nisogee.

"Taa?"

"Inawaka," nikasema. "Tena moto umerefuka hata nikaogopa dari."

Hakucheka. "Nani naweka samli?"

"Mimi."

Akashusha macho kwenye nguo zangu, zile zile nilizomleta nazo hospitalini, zimekunjamana kwa kulala kwenye benchi. Kisha akageuza uso kwenye pazia, na tangu siku hiyo sikumsikia akikataa kitu. Walimletea karatasi za nyumba, akatia sahihi bila kuuliza maswali. Chetan akamuuliza ni vitu gani anataka kubeba, akasema, "Wewe chagua." Chetan akachagua picha ya mzee, sanamu mbili ndogo, na sufuria moja ya shaba ambayo hatukuwahi kuipikia.

Siku ya kuondoka aliingia garini mapema sana, kabla hata mizigo haijafungwa, akajifunga mkanda mwenyewe. Yash akamuuliza kama angependa kupita ndani mara moja. Akasema hapana. Mimi nilisimama upande wake na chupa ya maziwa ambayo nilijua haitaruhusiwa kwenye ndege. Nikamwambia kwamba ndege za siku hizi zikifika juu ya Limuru hupunguza mwendo, rubani hufungua dirisha kidogo ili abiria wanuse majani chai, na kwamba akiomba vizuri wanaweza kumteremsha kwa kamba. Alitazama mbele. Gari lilipowashwa nilikuwa bado katikati, na sikuimaliza.

Mabati ya kuzungushia kiwanja yalisimamishwa kabla mvua za Oktoba hazijaanza. Siku hizi maziwa nauza huku huku Mutuini, kwa wapangaji wa nyumba mpya, watu wa haraka wasio na muda wa njegere. Jumapili nyingine Chetan hunipigia, anamwekea mama yake simu mbele. Namwona ameketi karibu na dirisha, sweta jepesi, nywele zimekatwa fupi na mtu asiyemjua. Nyuma yake ukuta mweupe.

"Mama Chetan, huko kuna joto?"

"Iko."

"Unakula?"

"Nakula."

"Na mchana unafanya nini?"

Hufikiria, kana kwamba nimemuuliza jambo gumu.

"Nakaa," anasema.